Ukiugua ugenini Luanda Kotieno, utakimbilia hospitali gani?

WAHENGA walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakutuambia mgeni mwenyewe akiugua ataponea wapi.

Swali hilo si la mzaha katika ufuo wa Luanda Kotieno, eneo la Uyoma, Rarieda, Kaunti ya Siaya. Hapa ndipo feri inapoondokea kwenda Mbita, ng'ambo ya pili katika Kaunti ya Homa Bay, na hapa ndipo mashua za omena na mbuta hurejea alfajiri. Wenyeji ni Wajaluo wa Uyoma, lakini ziwa halina ukuta. Wavuvi na wachuuzi wa samaki kutoka mikoa ya Mara na Mwanza nchini Tanzania, na wengine kutoka Uganda, hufika fuo hizi wakakaa msimu mmoja, wakakaa miaka, wengine wakaoa na kujenga.

Wapo pia wageni wa aina nyingine. Kuna watafiti waelekeao kituo cha wadudu cha ICIPE kule Mbita, watalii wanaokwenda Rusinga, vijana wa kujitolea shuleni, na watoto wa Wakenya waliozaliwa Uingereza au Marekani ambao huja kuona kwa babu wakiwa na pasipoti za kigeni mkononi. Malaria haiwaulizi viza.

Wengi wao huanza kuuliza kuhusu hospitali siku wanapougua. Hapo huwa wamechelewa. Anayetoa jibu ni mwenye bodaboda aliye karibu, au mwenye nyumba, au jamaa aliyeko kwenye simu mamia ya kilomita kutoka hapo. Kila mmoja hutaja jina alilowahi kulisikia, na jina linalosikika zaidi ni la hospitali kubwa ya kibinafsi mjini Kisumu.

Tuseme mchuuzi wa omena kutoka Musoma, mama wa miaka arobaini hivi, anashikwa na maumivu makali ya tumbo saa nane za usiku. Amepanga chumba karibu na gati. Ana pesa kidogo kwenye simu, ana kitambulisho cha taifa cha Tanzania, na kadi ya bima ya afya ya kwao ambayo haina kazi upande huu wa mpaka. Feri haivuki usiku. Kisumu iko mbali. Ni mwendo wa kwenda Ndori, kisha kuingia barabara ya Bondo hadi Kisian, ndipo ufike mjini. Je, apelekwe moja kwa moja Kisumu, au apelekwe kwanza kituo kilicho karibu?

Jibu lake linategemea jambo ambalo watu wengi hawalizingatii, nalo ni kwamba hospitali hazitofautiani kwa ukubwa wa jengo tu bali kwa daraja la kazi zilizoruhusiwa kufanya.

Nchini Kenya vituo vya afya vimepangwa kwa ngazi sita. Ngazi ya kwanza ni huduma za kijijini zinazotolewa na wahudumu wa afya ya jamii. Ya pili ni zahanati, ya tatu ni kituo cha afya, ya nne ni hospitali ya kaunti ndogo, ya tano ni hospitali ya rufaa ya kaunti na ya sita ni ya rufaa ya kitaifa. Vituo vya kibinafsi navyo hupewa leseni kwa kufuata ngazi hizo, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ndilo lenye kazi hiyo. Kwa hiyo jengo lenye vigae vinavyong'aa na bango la rangi tatu laweza kuwa ni kliniki ya ngazi ya pili, isiyoruhusiwa kulaza mgonjwa wala kupasua jipu kubwa.

Leseni hutakiwa kubandikwa mahali inapoonekana. Mgeni asione haya kuitafuta ukutani na kusoma mambo matatu: jina la kituo, ngazi yake, na mwaka. Leseni hizo huhuishwa kila mwaka, na ya mwaka juzi ni karatasi tu. KMPDC pia huweka orodha ya vituo na ya madaktari katika mtandao wake, na mtu yeyote mwenye simu ya intaneti aweza kulitafuta jina la daktari anayetaka kumpasua kabla hajamkabidhi mwili wake.

Tukirudi kwa mama yetu wa Musoma, katika Rarieda kwenyewe kuna hospitali ya serikali ya Madiany, ambayo ni ya kaunti ndogo. Kuna pia hospitali ya misheni ya Mtakatifu Elizabeth, Lwak, upande wa Asembo, inayohusiana na masista Wafransisko wa Mtakatifu Anna. Lwak si hospitali ya serikali wala si ya mfanyabiashara. Ni ile aina ya tatu ambayo mgeni mara nyingi huisahau, yaani hospitali za makanisa, ambazo hutoza ada lakini kwa kawaida hazitozi kama za mjini. Watafiti wa KEMRI na wenzao wa CDC ya Marekani wamefanya kazi hapo kwa miaka mingi wakifuatilia magonjwa ya kuambukiza miongoni mwa watu wa Asembo.

Kwa maoni yangu, mgeni anayeishi ufuoni hahitaji kuchagua hospitali moja. Anahitaji kuchagua mbili. Ya kwanza ni ile ya karibu, ya kumtuliza, kumtundikia maji, kumpima na kuzuia hali isizidi kuwa mbaya. Ya pili ni ile ya mjini, ya kumtibu jambo ambalo la kwanza haliwezi. Anayeiruka ya kwanza kwa sababu ya kupenda jina la ya pili huhatarisha kufia njiani, na anayeng'ang'ania ya kwanza kwa sababu ya uchungu wa pesa huweza kufia kitandani.

Kuna maradhi ambayo hata tajiri hana sababu ya kuyapeleka mbali. Malaria ni mojawapo. Kanda ya ziwa ndiyo yenye malaria nyingi zaidi nchini, na muuguzi wa Uyoma amewaona wagonjwa wa malaria kuliko daktari bingwa wa Ulaya atakavyowaona maishani mwake. Sindano ya artesuneti, ambayo ndiyo tiba ya malaria kali, ni dawa ya kawaida katika hospitali za eneo hili. Mtoto aliyekulia London au Minnesota hana kinga waliyo nayo binamu zake waliokulia hapa, kwa hiyo homa yake haistahili kusubiri asubuhi wala kusubiri gari zuri. Apimwe damu papo hapo, katika kituo kilicho karibu.

Kichocho nacho ni cha ziwa hili. Mgeni aliyeoga au kuvua kwa miguu mitupu, kisha akaondoka, huenda asione dalili hadi wiki kadhaa baadaye akiwa kwao, ambako daktari hatalifikiria jambo hilo asipoambiwa. Tiba yake ni vidonge vya prazikwanteli, tena si ghali. Kinachokosekana huko ni mtu wa kutamka neno Victoria.

Lakini tumbo la ghafla, uzazi uliokwama, ajali ya pikipiki, kiharusi na moyo ni habari nyingine. Hayo yanahitaji upasuaji, damu, picha za ndani ya mwili na chumba cha wagonjwa mahututi. Hapo ndipo Kisumu inapoingia.

Mji huo una hospitali za kibinafsi kadhaa. Inayojulikana zaidi ni Aga Khan. Zipo pia Avenue, Jalaram, na ya Kanisa Katoliki ya Mtakatifu Monica, pamoja na kliniki nyingi za madaktari bingwa. Sikusudii kuzipanga hapa kwa ubora. Mpangilio wa namna hiyo huchakaa daktari mmoja anapohama au mashine moja inapoharibika.

Badala yake, kuna onyo dogo kuhusu majina. Mgeni huweza kusoma kwamba Aga Khan ilipata ithibati ya kimataifa ya JCI, akadhani habari hiyo inahusu kila mlango wenye jina hilo. Iliyopata ithibati hiyo mwaka 2013 ni Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan iliyoko Nairobi. Ile ya Kisumu iko chini ya Huduma za Afya za Aga Khan, ambalo ni shirika tofauti ndani ya jamaa moja. Hilo haliifanyi ya Kisumu kuwa mbaya. Lina maana tu kwamba sifa za ndugu mmoja hazimlipii mwenzake deni, na kila hospitali iulizwe kwa jina lake na kwa mji wake.

Aulize nini? Watu wengi huuliza kama vyumba ni safi na kama kuna televisheni. Hayo mgeni atayaona kwa macho yake. Yasiyoonekana ndiyo ya kuulizwa, na yanaweza kuulizwa kwa simu siku ambayo huumwi.

La kwanza ni nani hulala hospitalini usiku. Hospitali nyingi za kibinafsi huorodhesha majina ya mabingwa kumi au ishirini langoni, lakini wengi wao ni wa kuitwa. Asubuhi wako hospitali ya serikali au chuoni, mchana wako kwenye kliniki zao. Si kosa, ndivyo kazi ilivyo. Lakini mtu anayefika saa tisa za usiku atahudumiwa na daktari wa zamu, na yafaa kujua bingwa wa upasuaji na mtaalamu wa dawa za usingizi hufika baada ya muda gani wakiitwa. Hospitali yenye chumba kizuri cha upasuaji na isiyo na mtu wa kumlaza mgonjwa usingizi, usiku huo haina chumba cha upasuaji.

La pili ni damu, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndilo linalomuumiza mgeni kuliko mwenyeji. Mwenyeji akihitaji damu, ndugu zake hujaa kwenye matatu wakaja kutoa. Hospitali zetu zimezoea utaratibu huo wa jamaa kurudisha damu iliyotumika. Mgeni hana matatu ya ndugu. Kuna kituo cha kanda cha Huduma ya Taifa ya Damu mjini Kisumu, lakini akiba hupungua, hasa shule zinapofungwa kwa kuwa wanafunzi ni miongoni mwa watoaji wakubwa. Kwa hiyo mama mjamzito anayepanga kujifungulia ugenini aulize mapema hospitali hupata damu wapi, ni muda gani hupita kati ya kuiomba na kuipata, na kama kuna watu wawili watatu katika ufuo, kanisani au msikitini, ambao wako tayari kwenda kumtolea. Aijue na aina ya damu yake pia. Kipimo hicho ni rahisi.

La tatu ni kama hospitali ina chumba cha wagonjwa mahututi, na kama hakuna nafasi humpeleka mgonjwa wapi. Jibu la pili ni muhimu kuliko la kwanza.

Mara nyingi jibu litakuwa ni hospitali ya serikali. Hapo wageni wengi hushtuka. Wamekuja na fikra kwamba ya kibinafsi ni nzuri na ya umma ni mbaya, basi. Mjini Kisumu hospitali kubwa ya umma ni ile ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo watu huiita Russia mpaka leo kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Rais Jomo Kenyatta aliifungua Oktoba 25, 1969, siku iliyoishia kwa risasi na vifo baada ya vurugu kuzuka kati ya upande wake na wafuasi wa Jaramogi mwenyewe. Foleni zake ni ndefu, na vitanda vyake havitoshi. Hata hivyo majeruhi wa ajali mbaya au mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya wakati huweza kupata pale wataalamu wengi zaidi kwa wakati mmoja kuliko katika jengo tulivu lenye maua mbele. Utulivu ni jambo jema kwa anayepona. Anayekufa ana haja ya watu wengi.

Sasa tuje kwenye pesa, ambazo ndizo hasa humtenga mgeni.

Hospitali za kibinafsi huomba amana kabla ya kumlaza mgonjwa asiye na bima inayotambuliwa. Kiasi hutofautiana kwa hospitali na kwa ugonjwa, na huongezeka mgonjwa anapohamishiwa chumba cha mahututi. Mwenyeji huweza kuacha hati, kumleta mjomba, au kuitisha harambee kwa simu. Mgeni hutazamwa kama mtu anayeweza kuvuka mpaka usiku na kutoweka. Si chuki, mhasibu wa hospitali anafanya hesabu zake.

Sheria lakini imeweka mpaka wa hesabu hizo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kinasema mtu, hakisemi raia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikafafanua kwamba matibabu hayo ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitalini, kuituliza hali ya mgonjwa, na kumpangia rufaa ikiwa kituo hakina uwezo. Kituo chenye uwezo kikikataa, hilo ni kosa linaloadhibiwa kwa faini.

Sheria hiyo ilikuja baada ya uchungu. Mnamo Oktoba 2015, majeruhi mmoja wa ajali alikaa ndani ya ambulensi kwa muda wa saa 18 jijini Nairobi akizungushwa kutafuta kitanda, na hatimaye akafariki. Alikuwa Mkenya, mwenye mke na jamaa. Mgeni asiye na mtu na ajipime hapo.

Ni vizuri pia kuelewa sheria hiyo haisemi nini. Haisemi matibabu ya dharura ni bure. Inasema amana isitangulie kuokoa maisha. Bili itakuja, na baada ya hali kutulia hospitali ina haki ya kusema haiwezi kuendelea bila malipo na ikamhamishia mgonjwa kwingine.

Isiyo na haki ya kufanya ni kumfungia. Septemba 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kuwazuilia kina mama wawili hospitalini kwa sababu ya bili ya uzazi kulikiuka haki zao. Uamuzi huo ulihusu hospitali ya umma. Mwaka 2018 mahakama hiyo ilitoa uamuzi kama huo dhidi ya hospitali ya kibinafsi: deni lidaiwe kwa njia za kudai madeni, si kwa kumshikilia mtu. Hata hivyo habari za wagonjwa waliozuiliwa huendelea kusikika, na mgeni aliyekwama ajue kwamba ana haki ya kwenda mahakamani kama mtu mwingine yeyote. Wageni wa nchi ambazo zina ubalozi Nairobi wapige simu huko pia. Ubalozi kwa kawaida haulipi bili, lakini huweza kuwatafuta jamaa na kuzungumza na hospitali.

Na bima je? Hapa mambo yamebadilika. Ile NHIF iliyoanzishwa mwaka 1966 haipo tena. Tangu Oktoba 1, 2024 nafasi yake imechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa nyumba yake, na kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi.

Wavuvi wengi wa kigeni hawajui kwamba sheria hiyo inawahusu. Asiye Mkenya anayeishi nchini kwa zaidi ya miezi 12 anatakiwa kuchangia kama wenyeji. Anayekuja kwa muda usiofika hapo anatakiwa kuwa na bima ya safari. Lakini kusajiliwa kunahitaji hati za ukaaji, na wengi wa watu wa ziwani huishi bila hati hizo, wakitegemea kujuana na kamati ya ufuo. Mgeni akikaa zaidi ya miezi mitatu anatakiwa na sheria ya uhamiaji kujiandikisha. Anayeogopa afisi ya uhamiaji leo atajikuta mbele ya dirisha la malipo kesho akiwa hana jina katika mashine yoyote.

Tena, kuwa na SHA si sawa na kupokelewa na kila hospitali. Mnamo Februari 2025 chama cha hospitali za kibinafsi za mijini na mashambani, RUPHA, kilitangaza kusitisha huduma za SHA kwa sababu ya malimbikizo ya madeni, na wagonjwa wakaambiwa walipe taslimu. Mizozo ya namna hiyo huja na kwenda. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama hospitali ina mkataba na SHA, bali kama wiki hii inapokea kadi, na kwa huduma zipi.

Wenye bima za kimataifa nao wasijione wamefika. Bima hizo ni za aina mbili: ile inayoilipa hospitali moja kwa moja, na ile inayokutaka ulipe kwanza kisha udai ukiwa na stakabadhi. Aina ya kwanza huhitaji barua ya idhini kabla ya kulazwa, na afisi inayoitoa huenda iko nchi ambayo saa hiyo ni usiku. Orodha za hospitali zinazotambuliwa na bima hizo mara nyingi zimejaa za Nairobi na mbili tatu tu za kwingineko. Mtafiti wa Mbita aiangalie orodha yake kabla ya kuvuka feri, si baada ya kuanguka.

Baadhi ya bima hujumuisha ndege ya wagonjwa. AMREF, iliyoanza mwaka 1957 kama shirika la madaktari warukao, bado huendesha ndege hizo kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Ni huduma iliyookoa wengi. Hata hivyo kwa mtu wa Luanda Kotieno ndege si muujiza. Ikitua uwanja wa Kisumu, mgonjwa bado atahitaji gari la kumfikisha pale, na tumerudi tena barabara ya Ndori.

Si Kenya peke yake inayomtaka mgeni ajilipie. Uingereza huwatoza wenye viza ya kuishi huko ada ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, kabla hata hajakohoa. Katika nchi za Ghuba ambako vijana wetu wengi wameajiriwa, kadi ya bima hutolewa na mwajiri, na anayemtoroka mwajiri hupoteza kadi siku hiyo hiyo. Aliyewahi kuishi Dubai au Riyadh anaijua hofu ya mchuuzi wa Musoma aliyeko Uyoma.

Kuna Watanzania wanaosema ni heri kurudi nyumbani. Kwa ugonjwa unaosubiri, wana hoja. Feri ya mchana humfikisha mtu Mbita, akaenda Homa Bay, Rongo, Migori hadi Isebania, akavuka Sirari. Upande wa pili kuna hospitali ya Shirati iliyoanzishwa na wamisionari Wamenoni miaka ya 1930, na kwa mambo makubwa kuna Bugando, Mwanza. Kadi ya bima ya nyumbani huko inafanya kazi, na ndugu wako karibu. Henia, macho, uvimbe usiouma na ugonjwa wa sukari uliokwisha kutulizwa vyote vyaweza kungoja safari hiyo. Utumbo uliojikunja haungoji.

Nimetaja ndugu mara nyingi kwa sababu hospitali zetu, za kibinafsi na za umma, zimejengwa juu ya dhana kwamba mgonjwa ana mtu. Ni mtu anayetia sahihi ya kukubali upasuaji wakati mgonjwa amezimia, anayekimbia kununua dawa isiyopatikana hospitalini, anayeleta uji. Mgeni ampate mtu huyo mapema: mwenye nyumba, tajiri wa mashua, mama wa kanisani. Amwonyeshe pasipoti ilipo, amwambie ana presha au pumu, ampe namba ya ndugu wa kwao, na wakubaliane kabisa ni hospitali ipi ya karibu na ipi ya mjini.

Mtu huyo pia ndiye atakayepiga simu, na hapa kuna jambo linaloonekana dogo. Luanda ni nyingi. Kuna soko la Luanda katika Kaunti ya Vihiga, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, ambalo dereva wa ambulensi wa Kisumu analifahamu vyema. Anayepigia Msalaba Mwekundu namba 1199 akasema tu "tuko Luanda" aweza kuisubiri ambulensi iliyokwenda upande mwingine. Na anayepigia kampuni ya bima iliyoko Ulaya akasema Luanda, atatafutiwa hospitali Angola. Iandikwe yote: Luanda Kotieno, Uyoma, Rarieda, Siaya, Kenya.

Kuna suala ambalo watu hawapendi kulitaja mezani. Mgeni akifariki, jamaa watataka kumrudisha kwao, na kwa watu wa ziwa hilo halijadiliki. Mwili kuvuka mpaka huhitaji cheti cha kifo, kutiwa dawa, vibali vya pande zote mbili na gari, na gharama zake huweza kuizidi bili ya matibabu. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua katika kesi dhidi ya hospitali moja ya kibinafsi kwamba maiti haiwezi kushikwa kama rehani ya deni. Uamuzi huo upo, ingawa jamaa aliyetoka Tarime au Bukoba na kufika mochari akiwa peke yake huenda hajawahi kuusikia. Anayenunua bima aangalie kama inagharimia safari hiyo. Wavuvi wasio na bima katika fuo nyingi huchangishana wenyewe, na mgeni asiyechangia wenzake akiwa mzima hukumbukwa kwa hilo.

Anayepona naye ana kazi moja kabla hajatoka langoni. Adai ripoti ya kuruhusiwa yenye jina la ugonjwa, dawa alizopewa na saini ya daktari, nakala za vipimo na picha, na bili iliyochanganuliwa kitu kwa kitu pamoja na stakabadhi asili yenye muhuri. Bima ya kulipa kwanza haitarudisha hata senti kwa kuonyeshwa ujumbe wa simu wa malipo, na daktari wa Musoma au wa Manchester hawezi kuendeleza tiba asiyojua ilianzaje. Karatasi hizo hupatikana kwa nusu saa mgonjwa akiwa bado kwenye benchi la mapokezi. Akishafika Luanda Kotieno akagundua hazipo, itambidi arudi tena Kisumu, kutwa nzima, kwa ajili ya muhuri.